Mbio Zisiwe za Wenye Fulana Peke Yao

Ndugu zangu wa klabu za jogingi, wito huu ni wenu kwanza, kabla sijawageukia walimu wakuu, wenyeviti wa mitaa na waandaaji wa marathoni. Nawajua. Jumamosi na Jumapili alfajiri mnashika barabara za Temeke, Mbagala, Kinondoni na Ilala, fulana za rangi moja, jina la klabu mgongoni, mmoja anaanzisha wimbo na wengine mnaitikia, na magari yanawapisha. Mwenzenu akifiwa mnachangishana. Klabu hii inaialika ile, mnakimbia pamoja na kumalizia kwa supu. Ni jambo jema, na limeanzishwa na wananchi wenyewe bila kungoja waraka kutoka wizarani. Ila kila mnapokimbia mnapita mbele ya watu ambao hamjawahi kuwaita.

Wamekaa kijiweni, au ndiyo kwanza wanarudi kulala. Wana miaka kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na mbili. Huyu aliacha shule kidato cha pili, yule alimaliza na cheti kikabaki sandukuni kwa mama. Mkeka wa kubeti wa jana umechanika kwa timu moja, na wa leo unatafutiwa hela. Mtaa mzima unawajua kwa majina ya utani na kwa makosa yao: nani alikwapua simu ya abiria, nani alilala mahabusu, nani alimvunjia mama lishe banda lake. Kitu kikipotea, wao ndio wa kwanza kutajwa, hata siku ambayo hawakuwapo. Dar es Salaam ilipotikiswa na magenge ya vijana ya Panya Road tulijifunza kuwaogopa vijana wetu wakiwa kundi, na hofu hiyo haijatutoka, hata wanapokuwa wamekaa tu wakicheza drafti.

Ninachoomba ni kwamba muwaite wakimbie nanyi. Na wale watakaoonekana wana mbio, wapelekwe kwenye mashindano, wakiwa na namba kifuani kama wakimbiaji wengine.

Mtasema ni ndoto ya mwandishi. Basi tusafiri kidogo hadi Pokot Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwenye mpaka na Uganda. Huko kijana aliyekwenda kupora ng'ombe wa kabila jingine hakuitwa mhuni. Alirudi shujaa, akapata mahari, akapata jina. Uvamizi wa mifugo baina ya Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong ni wa tangu enzi za mikuki na pinde, na ulikuwa na miiko yake. Mambo yaliharibika mno baada ya mwaka 1979. Vita ile ile ambayo baba na babu zetu wengi walikwenda kuipigana ilipomng'oa Idi Amin, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, na ghala la silaha likabaki wazi kwa wafugaji wa Karamoja. Bunduki zikasambaa hadi ng'ambo ya mpaka. Uvamizi uliokuwa ukiua wawili watatu ukaanza kufyeka vijiji.

Katika mazingira hayo walikulia Julius Arile na Robert Matanda. Hadi wanakaribia umri wa miaka ishirini na tano, kazi waliyoijua ni kuvamia, kupora mifugo na kuwatoroka polisi porini. Kisha wakatoweka. Wenzao wakadhani wameuawa au wamekamatwa. Kumbe walikuwa wamesalimisha bunduki chini ya msamaha wa serikali na kuanza mazoezi ya riadha. Mkurugenzi wa filamu Anjali Nayar aliwafuata kwa miaka kadhaa na kutengeneza filamu ya maisha yao, Gun Runners.

Aliyewafungulia njia vijana wa namna hiyo ni binti wa huko huko, Tegla Loroupe. Huyu mama alikwenda shule ya msingi mbio, pekupeku, kilomita kama kumi asubuhi, na aliambiwa mapema kwamba riadha si kazi ya mwanamke. Mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, akaishinda tena 1995, na mwaka 1998 kule Rotterdam akavunja rekodi ya dunia kwa saa 2:20:47, kisha mwaka uliofuata akaipunguza kwa sekunde nne Berlin. Angeweza kujenga ghorofa Nairobi na kutulia. Mwaka 2003 akaanzisha taasisi yake ya amani, na kazi yake iliyojulikana kuliko zote ni mbio. Anawaita wapiganaji wa makabila yanayovamiana, anawaweka kwenye mstari mmoja wa kuanzia, wakimbie kilomita kumi bega kwa bega na watu ambao juzi walikuwa wakiwatafuta kwa risasi.

Wapo waliocheka mpango huo. Mimi nauona ni wa mtu anayeijua kazi yake vizuri. Yule kijana alikuwa na pumzi ya kutembea usiku kucha akiwa na ng'ombe wa watu, alikuwa na uvumilivu wa njaa na kiu, na alikuwa na hamu kubwa ya kusifiwa na wenzake. Tegla hakumwomba aache kimojawapo. Alimpa mahali pengine pa kuvitumia, na umati wa kumshangilia bila mtu kufa.

Novemba 2013 Julius Arile alimaliza wa nne katika marathoni ya New York, kwa saa 2:10:03. Kijana aliyekuwa akisakwa na polisi wa Kenya alishangiliwa na umati wa mji ule ule ambao Tegla aliuteka mara mbili.

Kwa kawaida simulizi za namna hii huishia hapo, kwenye makofi. Naomba tumtazame pia yule mwenzake. Matanda naye alifanya mazoezi, naye aliamka alfajiri, na miguu yake haikumfikisha kwenye kimo cha Arile. Kwa hesabu za medali huyo ni mkimbiaji aliyeshindwa. Kwa hesabu za mama anayelala usiku bila kusikia milio ya risasi zizini kwake, bunduki zilizotoka porini ni mbili, si moja. Hii ndiyo hesabu ninayowaomba muishike, kwa sababu kila ninapolizungumzia jambo hili mtu huniuliza, akimtaja Mtanzania aliyeshinda marathoni ya dunia, "Je, atatoka Simbu hapo?" Pengine hatatoka. Katika vijana mia moja mtakaowaita, huenda asitoke hata mmoja wa kukimbia nje ya nchi. Wale tisini na tisa ndio wanaoishi mtaani kwenu.

Au tumtazame Yiech Pur Biel. Alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2005 akiwa mtoto, peke yake, akitoka kwenye vita vya Sudan Kusini. Tegla na wenzake walipokwenda kambini kusaka wakimbiaji, yeye akawa miongoni mwa waliochaguliwa, wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi, na mwaka 2016 akawa mmoja wa wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, Rio de Janeiro. Katika mchujo wa mita 800 alimaliza wa mwisho. Wa nane kati ya wanane. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, anakaa kwenye meza inayoamua mambo ya michezo ya dunia. Hakuna kocha anayetafuta mshindi tu ambaye angemwona kijana huyo.

Sasa, kwa nini mbio za mashindano, na si mpira? Mpira ni mzuri, na kijiwe chochote kina timu yake ya mtaa. Lakini mpira wa mtaani unachezwa jioni, na mtu anaweza kuvuta bangi mchana, akacheza, akafunga bao na kusifiwa. Mbio ndefu hazina huruma hiyo. Aliyekesha na gongo hawezi kukimbia vipande kumi vya mita 400 alfajiri. Mzunguko wa tatu tu mwili wake mwenyewe unamshtaki, mbele ya wenzake, bila mtu mzima yeyote kufungua mdomo kumhubiria. Kisha kuna saa ya kocha. Saa haijui baba yako ni nani wala ulilala mahabusu lini. Kwa kijana ambaye tangu utotoni anahukumiwa kwa jina la ukoo au la mtaa, kupewa dakika na sekunde zake mwenyewe ni heshima ambayo wengi hawajawahi kuipata.

Na kuna tarehe. Hili naliona kubwa kuliko yote. Kijana wa kijiweni hana Jumapili ijayo. Ana leo, na leo yenyewe inategemea nani atapita na hela. Ukimwandikisha kwenye mbio za kilomita 10 zitakazofanyika baada ya wiki nane, umempa siku moja huko mbele inayomsubiri, na wiki nane za kuihesabia. Anaanza kuuliza atakula nini. Anaanza kulala. Ndiyo maana sisemi mumwite kwenye jogingi ya mazoezi peke yake ikaishia hapo. Mazoezi yasiyo na mashindano ni mazuri kwa sisi wenye shinikizo la damu na vitambi. Kijana anataka kujua ni wa ngapi.

Ila nisiwadanganye kwamba viatu vya mbio vinaponya kila kitu. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alitoka katika umaskini mkubwa, akapelekwa shule Japani akiwa na miaka kumi na tano kwa sababu ya mbio, na mwaka 2008 Beijing akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2:06:32, akiwa na umri wa miaka 21. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake na kufariki, akiwa na miaka 24. Utajiri na sifa vilimjia haraka kuliko watu wazima wa kumshika mkono. Na Agnes Tirop, Oktoba 2021, aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Wanariadha wenzake walianzisha taasisi ya Tirop's Angels kupigana na ukatili dhidi ya wanawake, kwa sababu waliona jinsi msichana anayeanza kushinda anavyozungukwa na wanaume wanaojiita makocha, mameneja na wachumba, wote wakiwa na jicho kwenye fedha zake.

Kwa hiyo mkiwaita mabinti, na lazima muwaite, kuwe na mama mtu mzima katika kila mazoezi na kila safari. Kocha asilale nao nyumba moja. Zawadi iingie kwenye simu au akaunti ya binti mwenyewe, si ya mtu wa kumtunzia. Klabu itakayoona masharti haya ni usumbufu, afadhali isianze.

Narudi kwenu, wenye fulana. Mnaogopa wataiba. Ni woga wa haki, wala sisemi mfumbe macho. Simu na pochi zibaki kwa mtunza hazina siku za mwanzo, za kwenu na za kwao, wote sawa, ili asionekane mmoja ndiye anayechungwa. Mnasema hawana viatu. Mitumba ya Karume ina viatu vya mbio ambavyo Mzungu alivitupa vikiwa na soli nzima, na katika klabu ya watu arobaini hakosekani mwenye jozi ya pili chini ya kitanda. Waanze kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, kwa sababu goti la mtu asiyezoea haliwezi kuhimili kilomita kumi siku ya kwanza, na wengi wa hawa vijana watataka kuonyesha ubabe. Wazuieni. Walio chini ya miaka 18 msiwakimbize kilomita 42. Kilomita 5 na mbio za uwanjani zinawatosha kabisa.

Na wapeni fulana. Siku ya kwanza ile ile, msingoje wathibitishe tabia. Jambo hili linaonekana dogo kwa mtu ambaye hajawahi kuwa kijana wa kiume wa uswahilini anayekimbia saa kumi na moja alfajiri. Sisi tukikimbia gizani tunaitwa wanamichezo. Wao wakikimbia gizani, watatu tu, mlinzi anashika kirungu na doria inasimamisha gari. Fulana yenye jina la klabu ndiyo kitambulisho chao cha kupita mtaani mwao wenyewe bila kuulizwa wanamkimbia nani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi kata waambiwe mapema kwamba vijana hawa ni wa klabu fulani, na wapewe majina yao.

Walimu wakuu, kwenu nina ombi la ufunguo. Tulilelewa na mchakamchaka, tukizunguka shule kwa nyimbo kabla ya kengele, na viwanja vile vile sasa vina uzio na kufuli mwisho wa wiki. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ndizo ngazi ambazo nchi hii inatumia kuwapata wanariadha wake, na ni ngazi nzuri, lakini zote mbili zimesimikwa ndani ya shule. Aliyeacha shule akiwa darasa la sita ameachwa na ngazi pia. Timu za majeshi, ambazo zimebeba riadha yetu tangu enzi za Filbert Bayi na Juma Ikangaa hadi leo, zinataka cheti na mwenendo safi. Kijana mwenye mbio asiye na cheti, na mwenye jina baya kituoni, hana mlango wowote uliobaki isipokuwa huo ambao ninyi na klabu ya mtaani mtaufungua. Fungueni Jumamosi alfajiri, kwa muda wa saa mbili tu. Mlinzi awepo, na klabu iweke saini ya kuwajibika kwa chochote kitakachovunjika.

Wapo viongozi wa mitaa watakaosema uwanja wenyewe haupo, umekatwa viwanja vya makazi. Hilo ni kweli mahali pengi, na mliosaini mnajijua.

Waandaaji wa marathoni nao nisiwasahau. Mikoa mingi sasa ina mbio zake, na Moshi ina Kilimanjaro Marathon tangu 2003. Namba za kushiriki zinauzwa, na kwa mfanyakazi wa ofisini bei hiyo ni chakula cha mchana cha siku chache. Kwa kijana wa kijiweni ni sababu ya kutokwenda. Tengeni namba za bure kwa kila kata inayopitiwa na mbio zenu, zitolewe kupitia klabu, na nauli ya mtu mzima mmoja wa kuwasindikiza. Mnafunga barabara zao asubuhi nzima. Hicho ni kidogo cha kurudisha.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alimaliza marathoni Tokyo bega kwa bega na Mjerumani Amanal Petros, wote wakapewa muda mmoja wa saa 2:09:48, na ikabidi picha ya mstarini iamue kwamba Mtanzania ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nchi nzima ilishangilia, nami nilipiga kelele hadi jirani akatoka. Lakini kati ya shaba yake ya London ya 2017 na siku hiyo ilipita miaka minane, na katika miaka hiyo wengi wetu hatukuuliza hata mara moja anakimbilia wapi, anakula nini, na ni nani wanaokimbia nyuma yake.

Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na sisi tunaipenda methali hiyo tunapoona kijana amebebwa kwenye gari la polisi. Tunaisema tukiwa tumesimama pembeni, kana kwamba huo ulimwengu unakaa mbali. Mama zao wengi wanauza maandazi tangu saa tisa usiku. Ulimwengu uliobaki ni mimi na wewe.

Basi Jumamosi hii, kabla hamjaanza kupasha misuli, mwenyekiti wa klabu amtume mtu mmoja kijiweni, tena awe mtu wanayemheshimu, awasalimie kwa majina yao halisi. Awaambie uwanja wa shule ya msingi, saa kumi na mbili kasoro robo, viatu vyovyote. Jumamosi ya kwanza huenda wasije. Mtumeni tena ya pili.